Jina Linalowaka Lenyewe

Inspekta Kefa Matonya alifika kwenye kafe ya intaneti ya mzee Abdulnasiri kabla haijafunguliwa, akasimama barazani kumsubiri mwenye funguo. Upepo wa Agosti ulikuwa umeamka mapema kuliko watu. Ulipeperusha vumbi na mifuko ya plastiki barabara nzima, na Kefa, aliyevaa sweta juu ya shati lisilopigwa pasi, aliupa mgongo akavuta subira.

Alikuwa na siku moja tu. Kesho yake alasiri halmashauri ingemzika mwanamke asiyejulikana aliyelala katika chumba cha maiti cha hospitali kule Mvumi, bila jina na bila ndugu. Kefa aliamini kwamba mwanamke huyo ni Salha, binti aliyekuwa akikaa kaunta ya kafe hii. Mwenye haki ya kuutambua mwili na kuuchukua ni mama yake, Bi Stara, na Bi Stara hakutaka kuisikia habari hiyo. Alikuwa na sababu. Kila asubuhi Salha alikuwa akionekana kwenye kompyuta.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Salha alikuwa na kaka, Fahadi, anayefanya kazi Muscat. Wawili hao waliongea kwa mesenja, ile programu ya kuchati ambayo ukiifungua, jina lako linawaka kitone cha kijani kwenye kompyuta za jamaa zako popote walipo, wakajua upo. Salha alitoweka siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi Fahadi akaliona jina lake linawaka. Jumamosi likawaka tena. Alimwandikia, hakujibiwa, na hilo halikumshangaza kwa kuwa walikuwa wamenuniana kwa ajili ya mchumba ambaye Fahadi alimtafutia na Salha akamkataa. Halafu siku ya Nane Nane, sikukuu ya wakulima, akajibiwa: "Niko salama. Msinitafute." Kesho yake Bi Stara akaenda kituoni akafuta taarifa aliyoiandikisha ya kupotelewa na binti.

Katikati ya wiki hiyohiyo ukaja ujumbe kutoka Mvumi. Pikapu ya mahindi ilikuwa imepinduka Alhamisi ile kwenye kona ya barabara ya huko, dereva akatimua mbio, na wodini kulikuwa na msichana aliyeumia kichwa, hawezi kusema, mkoba wake umechukuliwa na wajanja. Ana kovu la kuungua kwenye mkono wa kushoto. Askari mmoja alitumwa kwa Bi Stara kumwuliza. Bi Stara akamfukuza mlangoni, akamwambia kama anamtaka Salha akamwulize Fahadi. Mambo yakaishia hapo. Jumapili iliyofuata msichana akafa, na ndipo jalada lilipotua mezani kwa Kefa. Jana alikwenda Mvumi na picha ya Salha, lakini uso wa marehemu ulikuwa umevimba, haufanani na picha yoyote.

Abdulnasiri alitokea na kanzu yake ya rangi ya maziwa na koti la suti kwa juu, tasbihi mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Inspekta. Umeniwahi hata chai sijanywa."

Alitoa kifungu cha funguo mfukoni. Kefa, ambaye macho yake hayakujua kupumzika hata akiwa kanisani, aliona funguo mbili za aina moja, na mmoja umefungwa uzi mwekundu.

"Huo wa uzi wa nani?"

"Wa Salha. Alhamisi ile alipoomba ruhusa nilimwambia auache. Sipendi ufunguo wangu uzurure na watu." Akafungua kufuli kwa ule mwingine. "Karibu ndani. Angalia kichwa."

Ndani kulikuwa giza. Chumba hakikuwa na dirisha hata moja, kwa sababu hapo mwanzo hakikujengwa kwa ajili ya kompyuta. Hapo Abdulnasiri alikuwa akisaga unga. Biashara zilipofunguliwa milango na kila mwenye vijisenti akaleta chake, mashine za kusaga ziliota kila uchochoro, naye akaona bora aziuze aingie kwenye kitu kipya. Alileta kompyuta za mtumba kutoka Dubai, akafunga dishi juu ya paa, akapaka kuta rangi ya bluu. Harufu ya pumba ilibaki palepale. Na ile swichi kubwa ya chuma yenye mkono mrefu, iliyokuwa ikiamsha mashine za unga, nayo ilibaki ukutani.

"Kabla hujawasha," Kefa alisema, "niambie mnavyozima jioni."

"Tunavyozima? Nashusha huu mkono, nafunga mlango, nakwenda zangu."

"Hamzimi kompyuta moja moja?"

"Moja moja mpaka saa ngapi? Kijana wangu Denis, fundi, ananipigia kelele kila siku kwamba zitakufa. Mimi nimesaga mahindi ya Mlali miaka mingapi kwa mkono huuhuu? Mashine haikufa hata moja. Jioni nashusha, asubuhi napandisha. Zinalala pamoja, zinaamka pamoja."

"Basi pandisha. Kisha tukae mbali na kaunta, mimi na wewe."

Abdulnasiri aliushika mkono wa swichi kwa mikono miwili akausukuma juu. Taa zikawaka, kompyuta zikaanza kunguruma moja baada ya nyingine. Kefa aliikazia macho ile ya kaunta, mikono yake ikiwa nyuma. Skrini ilipitisha maandishi yake meupe, ikakaa kimya, ikaleta picha ya maua. Kisha, hakuna aliyesogea, hakuna aliyegusa kitu, dirisha dogo likafunguka lenyewe pembeni. Likajaza jina lenyewe, likajaza neno la siri lenyewe, na kitone cha kijani kikawaka mbele ya jina la Salha.

"Huyo!" Abdulnasiri alinyoosha kidole. "Si niliwaambia? Mtoto yupo."

"Yupo wapi, mzee?"

"Si huko aliko."

"Nimeuliza yuko wapi, maana aliyewasha ni wewe."

Abdulnasiri alitazama swichi, akatazama skrini, tasbihi ikasimama.

"Shusha tena," Kefa alisema. "Halafu pandisha."

Giza, kisha kelele zilezile, maua yaleyale. Dirisha likafunguka, kitone kikawaka. Mara hii hakikukaa peke yake. Chini yake yakaibuka maneno kutoka Muscat: "Mbona umezima ukawasha? Bado una hasira na mimi?"

Kefa aliyasoma mara mbili. Hakugusa kitu. Alivuta kiti cha plastiki akakaa.

"Niitie huyo Denis."

* * *

Denis alikuwa kijana mrefu, mtu wa Mvumi, mwenye bisibisi kwenye mfuko wa shati kama watu wengine wanavyobeba kalamu. Kefa alimpeleka stoo ya nyuma, kwenye magunia matupu, akafunga mlango. Jambo lilikuwa limekwisha kujipanga kichwani mwake, nalo lilikuwa baya. Kompyuta haiamui yenyewe kumfungulia mtu mesenja. Kuna mtu aliifundisha. Mtu aliyetaka Salha aonekane hai alihitaji kitu kama hiki tu, na hapa Dodoma wanaojua kukifanya hawakuwa wengi.

"Ile mesenja ya kaunta inajifungua yenyewe," alisema. "Nani aliifanya hivyo?"

"Mimi, afande."

Kefa alikuwa amejiandaa kumzungusha kwa saa nzima. Jibu lilikuja upesi mno.

"Lini?"

"Zamani. Mwezi wa Ramadhani uliopita."

"Usinichezee, Denis. Msichana ametoweka mwezi huu. Ukiniambia Ramadhani, unaniambia niende nyumbani."

"Njoo nikuonyeshe."

Walirudi kaunta. Denis alikaa, akashika kipanya, akaeleza akiwa anafanya. Ndani ya kompyuta kuna mahali maalumu. Chochote unachokiweka pale kinaamka kila mashine inapowashwa, huhitaji kukiita. Alikuwa ameweka pale njia ya mkato ya mesenja na akaiambia ikumbuke neno la siri. Alibofya, tarehe ya siku ilipowekwa ikatokea. Ilikuwa Ramadhani kweli, na Abdulnasiri, aliyekuwa akichungulia nyuma yao, alisema siku hiyo anaikumbuka, aliwaletea wote wawili tende.

"Kwa nini uliiweka?" Kefa aliuliza.

"Aliniomba mwenyewe. Kaka yake alikuwa anamsumbua, kila siku anataka kujua kama amefika kazini salama. Salha akasema, nifanyie kitu, mzee akipandisha swichi tu kaka anione, mimi niendelee na wateja wangu." Denis aliacha kipanya. "Kilikuwa kitu kidogo, afande. Dakika mbili."

Kwa hiyo hapakuwa na mtu mwovu aliyetega kitu. Kefa aliitupa nadharia yake bila kinyongo. Ila mashine ingeweza kuwasha jina, haikuweza kuandika "Niko salama". Hayo yalitaka vidole.

"Wewe na Salha mlikuwa nani kwa nani?"

Denis alimtazama Abdulnasiri. Kefa akamwomba mzee akatafute chai. Mzee akatoka shingo upande.

"Tulikuwa wachumba," Denis alisema. "Hakuna aliyejua. Mimi Mkristo, kaka yake ameshamtafutia wa kwao. Alhamisi ile alikuwa anakwenda Mvumi kumsalimia mama yangu. Mimi nilikuwa nimeshatumwa Mlali kufunga mota ya mashine, na kule simu haishiki. Nilipokwenda Mvumi baadaye, mama akasema hakumwona. Nikarudi hapa nikaambiwa ameandika yuko salama, asitafutwe. Nikajua ameghairi. Nikanyamaza na fedheha yangu."

"Ana kovu mkono wa kushoto?"

"La chuma cha vitumbua. Alimsaidia mama yake tangu mdogo." Ndipo Denis akashtuka. "Kwa nini unauliza 'ana kovu'?"

Kefa alielekeza kidole kwenye skrini. Alimwomba amfungulie mazungumzo yaliyohifadhiwa, na Denis akafanya hivyo, mikono yake ikianza kukosea vitu alivyovijua. Maneno ya Fahadi yalikuwa yamejaa ukurasa. "Salha jibu." "Mama analia." "Nimekosa, jibu hata neno moja." Kisha, siku ya Nane Nane asubuhi, mstari mmoja wa jina la Salha. Baada ya hapo ni Fahadi tena, peke yake, mpaka lile swali lake la leo.

"Angekuwa ameandika akiwa Dar au kwingine, haya yangeonekana kwenye mashine hii?"

"Hapana. Mashine inahifadhi kilichoandikwa juu yake tu. Huyu aliandika akiwa amekaa hapa nilipokaa mimi." Denis aliinuka kwenye kiti kile kana kwamba kina moto.

* * *

Abdulnasiri alirudi na vikombe vitatu vya chai. Kefa alichukua chake akakiweka kaunta.

"Mzee, siku ya Nane Nane kafe ilikuwa wazi?"

"Nani afungue? Mji mzima ulikuwa Nzuguni, viwanja vya maonyesho. Mimi mwenyewe nilikuwa na banda la unga, ndugu yangu mmoja mwenye mashine aliniomba nimsimamie."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima."

"Tupe zile funguo."

Abdulnasiri alizitoa. Kefa alizilaza kaunta, ule wenye uzi mwekundu na ule usio na uzi, sambamba.

"Kufuli hii ina funguo ngapi?"

"Mbili."

"Na Salha aliuacha wake Alhamisi. Umeniambia mwenyewe." Kefa aliongea taratibu, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. "Siku ya Nane Nane mtu aliingia humu, akapandisha swichi, akakaa kwenye kiti hiki, akamwandikia Fahadi. Mlango haukuvunjwa. Funguo zote mbili zilikuwa mfukoni mwako. Sasa kunywa chai, halafu uniambie."

Abdulnasiri hakunywa. Denis alikuwa amesimama karibu na swichi.

"Mimi mtu wa mashine ya unga," mzee alisema. "Kuandika kompyuta najulia wapi?"

"Maneno yenyewe ni matatu."

Nje, mteja wa kwanza aligonga mlango, akachungulia, akaona sura zao, akaenda zake.

"Nilikuja kuchukua mizani," Abdulnasiri alisema hatimaye. "Ya bandani ilikuwa imegoma. Humu giza, nikapandisha swichi nipate mwanga. Ikaamka. Yule kijana akaanza kuandika palepale, mama analia, mama analia. Kweli alikuwa analia, Inspekta. Bi Stara alikuwa anakuja kukaa pale barazani kwangu kila siku, anawauliza wateja kama wamemwona mwanawe. Watu wakaanza kunikimbia. Na mimi nilijua kabisa mtoto ametoroka na mwanaume, watatulia watarudi na zawadi, kama wengine wote wanavyofanya. Nikatafuta herufi moja moja. Nilitaka mama yule alale usingizi." Alifuta paji la uso kwa pindo la koti. "Na nilitaka baraza langu. Siwezi kukuficha."

"Kwa nini hukusema baadaye?"

"Bi Stara aliniletea sahani ya vitumbua, kwa shukrani, kwamba mtoto ameonekana kwangu. Ningeanzia wapi?"

Kefa aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akamwambia asaini. Mzee aliuliza atafanywa nini. Kefa akasema hajui, wakubwa watatazama kama kuna kifungu kinachomfaa.

"Una mafuta kwenye pikapu yako?" aliuliza.

"Yapo."

"Gari letu halina. Tunampitia Bi Stara, twende Mvumi akautambue mwili ulioko hospitali; naamini ni wa Salha. Mimi ameshakataa kunisikia. Utamwambia wewe."

* * *

Bi Stara alikuwa akikaa nyumba ya udongo na bati, mtaa wa wenyeji wa mjini wa zamani, watu ambao mababu zao walifika na misafara wakafungua maduka. Alikuwa akipepeta mchele uani. Alipomwona Kefa alikunja uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimeshasema, mwanangu. Wenye makovu ya moto Dodoma hii wamejaa."

"Leo sina la kusema, mama. Mwenye neno ni huyu."

Abdulnasiri alikuwa amesimama nyuma ya Kefa amevua kofia, jambo ambalo Bi Stara hakuwahi kuliona tangu amjue. Mzee alisema. Alisema vibaya, akianzia kwenye mizani, akarudi nyuma kwenye swichi, akapotea katikati. Lakini lilipotoka lile la "mimi ndiye niliyeandika", lilitoka zima.

Bi Stara aliendelea kupepeta kidogo. Kisha akauweka ungo chini.

"Na asubuhi zote hizo? Fahadi anamwona."

"Ni mashine, mama," Kefa alisema. "Ikipata umeme inajifungua. Salha mwenyewe aliomba ifanywe hivyo, ili kaka yake asiwe na wasiwasi."

Bi Stara aliingia ndani. Walidhani amekwenda kulia, na Abdulnasiri akaanza kusema neno. Akatoka amevaa buibui, ameshika mkoba na kanga mpya iliyokunjwa.

"Twendeni," alisema.

Ndani ya pikapu alikaa katikati. Mashamba yalikuwa makavu, mabua ya mtama yamelala chini, vumbi linaingia kupitia vioo visivyofunga. Walipofika kwenye kona ambapo mahindi ya ile pikapu nyingine bado yalionekana yametapakaa kando ya barabara, kuku wa watu wakiyadonoa, Kefa alitazama mbele. Abdulnasiri alipunguza mwendo bila kuambiwa.

Muuguzi wa zamu aliitwa Ruthu, mama mnene mwenye sauti ndogo. Hakufunua uso. Alifunua mkono wa kushoto peke yake, akaulaza juu ya shuka. Kovu lilikuwa karibu na kifundo, duara kama kijishimo cha chuma cha vitumbua, na kwenye kucha ya kidole kidogo palibaki hina iliyokuwa ikimalizika.

Bi Stara aliushika mkono ule, akauzungusha, akautazama pande zote mbili.

"Ni wangu," alisema.

Ruthu akasema pole. Akasema walijitahidi. Binti hakuweza kutamka neno, lakini siku nyingine alikuwa akifungua macho, na mtu akimshika mkono anashika naye. Wagonjwa wa kitanda cha jirani walikuwa wakimshika kwa zamu, kwa vile hakuwa na mtu.

"Alikufa lini?"

"Jumapili, mama. Jioni."

Midomo ya Bi Stara ilisogea bila sauti. Kefa alijua anachokihesabu, na hakuwa na namna ya kumzuia asifike mwisho.

"Yule askari wako alikuja Jumatano."

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa hai nilipomfukuza."

"Alikuwa hai."

Nyuma yao Abdulnasiri alishika ukuta. Hilo hakuwa akilijua. Njia nzima alikuwa akifikiri kwamba uongo wake ulimdanganya mama wa maiti, na kosa la namna hiyo mtu angeweza kuliombea toba akalala. Sasa aliteleza taratibu mpaka akawa amechuchumaa, mzee mzima, kanzu yake imegusa sakafu.

Bi Stara hakumgeukia. Alikuwa akiutandaza upande mmoja wa ile kanga mpya juu ya mkono wa Salha, akiunyoosha kama anayemfunika mtoto aliyelala mchana.

"Abdulnasiri."

"Labeka, Bi Stara."

"Simama. Nenda mjini ukalete sanda. Mlete na Bi Joha na wenzake, waje tumwoshe. Gari usilikabidhi kwa mtu mwingine. Utamchukua wewe, mpaka nyumbani, na utakwenda polepole."

Abdulnasiri aliinuka akatoka karibu mbio, kama mtu aliyesamehewa, ingawa hakuna aliyemsamehe.

* * *

Walimzika kabla ya magharibi. Denis alisimama nyuma kabisa ya wanaume, na hakuna aliyemwuliza yeye ni nani. Usiku huo Bi Stara alimpigia Fahadi. Kefa hakuwepo, na hakutaka kuhadithiwa.

Alichoombwa na Bi Stara ni kitu kimoja. Ile mashine isiwake tena na jina la mwanawe.

Asubuhi yake alikuwa kafe na Denis. Abdulnasiri alikuwa amewapa funguo zote mbili na kubaki nyumbani. Denis aliweka mkono kwenye swichi, hakuupandisha.

"Afande, kuna jambo moja. Ili niitoe pale, lazima niiwashe. Na nikiiwasha itajifungua. Mara hii moja."

"Huwezi kuchomoa waya wa dishi kwanza?"

Denis alifikiri, akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kitu rahisi mno. "Naweza. Sikuwaza." Akapanda ngazi ya stoo, akashughulika huko juu, akarudi amejaa utando wa buibui. "Tayari."

Akapandisha swichi. Mashine zikanguruma, maua yakaja, dirisha dogo likafunguka. Kefa alisubiri libaki tupu. Likajaza jina, likajaza neno la siri, likasita. Kisha kitone kikawaka kijani.

"Umechomoa waya gani?"

"Nadhani..." Denis alikuwa ameshika kichwa. "Zipo mbili kule juu. Nadhani ni ile nyingine." Hakuwa amelala tangu jana, na kazi aliyoifanya kwa dakika mbili Ramadhani ile ilikuwa imemshinda.

"Basi itoe. Upesi."

Denis alishika kipanya. Alikuwa ameshafika pale mahali, ameshaifuta ile njia ya mkato, bado kuifunga mesenja yenyewe, alipoacha kila kitu. Maneno yalikuwa yameibuka kutoka Muscat. Fahadi alikuwa ameshapigiwa simu, ameshaambiwa kaburi liko wapi na nani alimteremsha. Alijua yote. Hata hivyo alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yake asubuhi hii, na alipoona kijani aliandika neno moja.

"Salha?"

Denis aliondoka kwenye kiti akaenda kusimama na uso wake ukutani. Kefa akakaa. Hakuwa mwandishi wa kompyuta, naye alitafuta herufi moja moja kwa kidole.

"Siye, ndugu yangu. Ni mashine tu."

Akanyanyuka, akaenda ukutani, akaushusha ule mkono wa chuma.